Gari Lashiba, Abiria Twaiva Juani

Sina ugomvi na gari la umeme. Halipigi kelele, halitoi moshi, na mpwa wangu aliyelinunua ameacha kuniomba pesa za mafuta kila mwisho wa mwezi. Ugomvi wangu ni na hawa wanaojenga vituo vya kulichajia kandokando ya barabara kuu. Nimezitazama kazi zao kwa makini, na naapa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusafiri kutoka Mombasa hadi Nairobi akiwa na mke, mama mkwe na mtoto anayetaka kukojoa kila penye kibao cha barabara. Angesafiri hivyo angejua kwamba gari si msafiri. Msafiri ni yule aliye ndani ya gari, mwenye kibofu.

Sisi tuliolelewa na mabasi tuna utaratibu wetu. Basi linaingia Mtito Andei, makanga anapiga ubavu wake makofi mawili, anatangaza: "Dakika kumi! Dakika kumi tu, watu wangu!" Hapo kila mtu anaijua kazi yake. Wanaume huku, wanawake kule, shilingi 20 mlangoni, na karatasi ya kujifutia inakatwa na kijana ambaye angekabidhiwa hazina ya serikali nchi hii isingekuwa na deni hata la senti. Ukitoka hapo ni sambusa moja, chai isiyonyweka kwa moto, kisha honi. Chai unaiacha mezani ikifuka moshi, na nashuku mwenye hoteli humuuzia abiria wa basi linalofuata.

Vituo vyetu vyote vimejijenga kwa kipimo hicho. Choo ni cha dakika mbili, kiti ni cha dakika nne. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba benchi lina msumari, maana hakuna aliyelikalia hadi msumari ukamfikia.

Sasa limekuja gari lisilotambua dakika kumi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 480, na karibu safari nzima ni kupanda: unaanzia usawa wa bahari, unamalizia zaidi ya mita 1,600 juu yake. Gari la mpwa wangu ni la Kijapani, limetumika huko kwao, likateremshwa hapa bandarini kwetu. Betri yake ni ya kilowati-saa 40. Ilipokuwa mpya, kwenye barabara tambarare na hali ya hewa yenye adabu, ilikuwa inalisukuma gari kilomita 240 hivi. Leo si mpya tena, barabara si tambarare, na hali ya hewa ya Taru haijapata kuwa na adabu tangu nchi hii iumbwe. Kwa hiyo lichajiwe Voi, lichajiwe tena Mtito Andei, na mwenye moyo mwepesi achaji mara nyingine Emali.

Chaja ya kasi ya kilowati 50 ikiikuta betri iko asilimia 20, huifikisha 80 kwa dakika arobaini hivi, mambo yakinyooka. Kutoka 80 hadi 100 usiulize. Gari lenyewe hupunguza mwendo wa kula ili betri isidhurike, na waweza kuoa na kutaliki kabla halijashiba. Ukikosa chaja ya kasi ukaomba soketi ya kawaida ya ukutani, hapo tandika mkeka kabisa, mtaonana na barabara kesho.

Mambo yakinyooka, nasema. Nani amewahi kuyaona mambo yamenyooka Mtito Andei saa saba mchana?

Nayajua haya kwa sababu tumesafiri na gari hilo: mimi, mpwa wangu, mama watoto, mama mkwe na mtoto. Tuanze na mahali chaja ya Mtito Andei ilipowekwa. Kituo cha mafuta kina sehemu moja nzuri, nayo zimepewa pampu za petroli: paa kubwa, sakafu ya zege, kijana wa kukufutia kioo. Sehemu ya pili kwa uzuri wamepewa wauza soda. Chaja, ambayo ndiyo itakayomweka mteja hapo kwa muda mrefu kuliko vyote, imepelekwa nyuma ya jengo, kati ya tangi la maji na jaa la makopo. Hakuna paa, hakuna mti, hakuna hata jiwe la kukalia. Chuma chake kimepigwa jua tangu asubuhi. Mpwa wangu alipokishika kishikio cha kebo alikiachia mara moja, akavua kofia, akakishika kwa kofia.

Na hapo ni baada ya kuifikia. Mbele ya chaja lilikuwa limeegeshwa trela la mizigo, refu, na chini ya uvungu wake dereva amelala juu ya boksi lililofunguliwa, mkono kichwani, kandambili zimepangwa vizuri pembeni. Kivuli pekee upande ule wa kituo kilikuwa ni kile cha trela lake, na yeye ndiye aliyekuja nacho. Nikamwita askari wa kituo.

"Kaka, huyu si angesogea kidogo?"

"Amelala huyo, mzee. Ametoka Malaba."

"Basi mwamshe."

"Mzee wangu, mtu wa trela haamshwi. Huwezi kujua ataamka na nini mkononi."

Tukasubiri. Mtoto akaenda chooni, shilingi 20. Mama watoto akaenda chooni, shilingi 20. Mtoto akakumbuka kwamba alikwenda lakini hakumaliza, shilingi 20 nyingine. Nilipomuuliza kijana wa karatasi kama hakuna bei ya jumla kwa wateja wa chaja, alinitazama usoni kwa huruma, akakata kipande kidogo kuliko kile cha kwanza.

Dereva wa trela alipoamka alikuwa mtu mwema sana, akaomba radhi, akasogea. Akaondoka na kivuli chake.

Sasa kebo. Petroli haiulizi kabila la gari. Uwe na gari la Mjapani, la Mjerumani au la Mchina, mdomo wa pampu ni ule ule. Magari ya umeme yamekuja na ukabila tangu kiwandani. Mengi ya hayo ya Kijapani yaliyotumika yana tundu la CHAdeMO. Ya Ulaya yana la CCS. Wachina nao wana lao, GB/T. Ukifika na kebo haiingii, haiingii. Hata ukiibembeleza, hata ukiisomea dua. Kabla hatujaondoka mjini mpwa wangu ilimbidi apige simu huku na huku kuuliza tundu tu, kama mshenga anayechunguza ukoo wa mchumba. Chaja ya Mtito ilikuwa na kebo mbili, na kwa bahati moja ilikuwa ya kabila letu.

Basi tumechomeka. Taa ikawaka, kioo cha mashine kikatuambia tupakue programu ya simu. Choo nimelipia kwa sarafu, sambusa nimelipia kwa M-Pesa, lakini stima yataka programu. Programu yataka jina, barua pepe, nywila yenye herufi kubwa na alama ya ajabu, namba ya kadi ya benki, kisha itatuma ujumbe wa kuthibitisha, na mtandao hapo Mtito unakuja na kuondoka utakavyo wenyewe. Mpwa wangu ameinua simu juu ya tangi la maji akitafuta mawimbi. Nyani wawili wametoka kwenye jaa, wamekaa juu ya ukuta, wanamtazama kwa hamu ya watu waliokwisha kuiona sinema hiyo.

Mama mkwe, ambaye tangu Taru hakuwa amesema neno kwa sababu kiyoyozi kilizimwa ili kutunza betri, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Kwani twaomba stima ama twaomba viza?"

Hatimaye ikakubali. Asilimia zikaanza kupanda, nasi tukaanza kushuka. Hapo ndipo nikajifunza jambo jingine ambalo muuzaji wa gari huwa halitaji. Magari mengine, na hili letu ni mojawapo, betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza. Chaji ya kwanza, pale Voi, ilikwenda vizuri. Ukishapanda milima na joto lile, ukaichomeka tena kwenye chaja ya kasi, betri inakuwa ya moto na gari linajipunguzia lenyewe. Zile dakika arobaini zikageuka muda wa mkutano wa harusi. Nikauliza kama tungeweza kuimwagia maji kidogo. Mpwa wangu alisema, "Mjomba, tafadhali keti." Nikamuuliza niketi wapi.

Kisha stima ikapotea.

Haikupotea kwetu tu, ilipotea mji mzima. Feni za hoteli zikasimama, muziki ukakatika katikati ya neno. Jenereta la kituo likaguruma, moshi mweusi juu, na gari letu la kuokoa mazingira likaendelea kuchaji kwa dizeli. Mpwa wangu aligeuka upande wa pili asiuone ule moshi. Sikumwambia kitu. Mtu mzima huacha mengine yapite.

Nisimdhulumu kijana huyu, ana hoja zake. Umeme wa nchi yetu kwa sehemu kubwa hautoki kwenye mafuta. Ni mvuke wa ardhini kule Olkaria, ni maji ya Mto Tana, ni upepo wa Turkana. Kila lita tunayochoma imekuja kwa meli na kulipiwa dola. Na tangu 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari: shilingi 16 kwa yuniti, na saa za usiku shilingi 8, kabla ya tozo na kodi. Hiyo ni bei anayouziwa mwenye chaja. Bei anayokuuzia yeye ni siri baina yake na ile programu. Mpwa wangu alinieleza kwamba tukisafiri usiku wa manane huenda tukapata nafuu. Nusu bei, Mjomba! Nikamkumbusha kwamba nusu bei hiyo tutaifuata katikati ya Tsavo, palepale ambapo mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli hadi kazi ya daraja ikasimama. Shilingi 8 naongeza, kijana, tena kwa furaha.

Akaniletea Ulaya. Huko, anasema, ni sheria: kufikia mwisho wa 2025, kwenye barabara zao kuu za msingi, vituo vya kuchaji viwe vimepangwa visizidi kilomita 60 kati ya kimoja na kingine. Kweli, sheria hiyo ipo. Lakini kule chaja inakuja kwenye kituo ambacho tayari kina choo safi, meza, hoteli na bembea ya watoto. Ni kuongeza tu. Hapa kwetu chaja yenyewe ndiyo inakuwa mgeni wa kwanza kupewa kiwanja, na binadamu anaambiwa asubiri awamu ya pili. Na kabla hatujaona Wazungu wote ni malaika, Marekani wana sheria ya zamani inayozuia biashara kwenye sehemu nyingi za kupumzikia zilizo kando ya barabara zao kuu zinazounganisha majimbo, kwa hiyo mwenye choo cha serikali hawezi kuuza stima, na anayeuza stima ni lazima umfuate huko nje ya barabara, madukani na mahotelini. Upumbavu umegawanywa sawa duniani, hakuna aliyenyimwa.

Jambo linaloniudhi ni kwamba barabara hii hii ilishawahi kulijua jibu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani 1901. Garimoshi la wakati ule nalo halikuwa na uwezo wa kwenda mbali bila kusimama: lilitaka maji, lilitaka kuni. Lilipokuwa Voi, abiria walishuka wakala chakula cha jioni kwenye nyumba iliyojengwa kwa kazi hiyo, kwa sababu treni haikuwa na behewa la kulia. Mkoloni hakuwa mtu wa huruma, tunamjua, na kiti cha Mswahili hakikuwa meza moja na chake. Lakini hesabu aliijua: mashine ikisimama kunywa, mtu naye anasimama, na mtu aliyesimama ana njaa. Alijenga vyote viwili.

Tena vituo viwili vya kupumzikia vilivyo bora kuliko vyote kwenye barabara ya Mombasa, kwa rai yangu, havikujengwa na kampuni ya mafuta wala na wizara. Cha kwanza kiko Mackinnon Road, msikiti ulio kando ya reli penye kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyekuja na wajenzi wa reli kutoka Bara Hindi. Wazee husimulia kwamba karai lake la kokoto lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Madereva husimama pale, wakanawa, wakaswali, wakaomba salama ya safari, wakaketi kivulini. Cha pili ni hekalu la Makalasinga pale Makindu, lililojengwa 1926, mahali ambapo mafundi wa reli wa dini hiyo walikuwa wakikutana kuabudu. Unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chakula bure. Hawakuulizi dini, hawakuulizi kabila, hawakuulizi nywila.

Tulifika Makindu sote tumenuna. Mama mkwe aliketi, akaletewa chapati, dengu na chai ya maziwa, akala taratibu mpaka sahani ikawa nyeupe. Mtoto akaenda chooni, na mlangoni hapakuwa na mtu wa karatasi. Mama watoto akapata bomba la maji, akanawa uso, akarudi na sura yake ya kabla ya Voi. Tukatia sadaka yetu kwenye kisanduku. Hapo hatukutumia hata yuniti moja ya stima, na ndipo pekee tulipochajiwa.

Wakereketwa wataniambia nina haraka, mambo yatakuja. Wengine watasema suluhisho ni kubadilisha betri, kama wafanyavyo bodaboda wa umeme huko Nairobi, ambao hutoa iliyokwisha na kutia iliyojaa kabla hujamaliza kubishana bei. Vizuri sana, lakini betri ya pikipiki hubebwa kwa mikono, na ya gari ni mamia ya kilo. Wengine watanielekeza kwenye treni. Treni yetu ya SGR ya tangu 2017 ni ya dizeli. Jirani zetu Watanzania wamewasha ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na kila binamu yangu wa Tanga amenipigia kunijulisha, kama kwamba aliisukuma yeye.

Mimi sitaki makuu. Nataka paa. Tena paa hilo likiezekwa kwa paneli za sola, litatoa kivuli na umeme kwa pamoja, na jua lile la Tsavo litakuwa limefanya kazi ya halali kwa mara ya kwanza. Nataka kebo za makabila yote. Nataka nilipe stima kama ninavyolipa sambusa. Nataka choo kisichonitoza pesa ilhali gari langu linatozwa pesa nje, kwa sababu mtu huwezi kumfunga kwa kebo kisha ukamuuzia haja ndogo. Nataka bomba la maji, mahali pa kuswali, na mama mmoja mwenye jiko la mahamri na mbaazi, ambaye akijua wateja wake hawawezi kukimbia kwa dakika arobaini atatajirika kuliko mwenye chaja. Na askari apewe mamlaka rasmi, yameandikwa na kupigwa muhuri, ya kumwamsha dereva wa trela.

Msiniambie haya hayawezekani, maana nimeshawaona mkiyafanya. Chaja inapozinduliwa huja waheshimiwa, na siku hiyo kuna hema kubwa, kuna viti vyenye vitambaa, kuna maji baridi ya chupa, na vyoo vinasafishwa mara mbili. Waheshimiwa hukaa hapo kwa hotuba zinazozidi muda wa kujaza betri yoyote, na hakuna anayelalamika joto. Utepe ukishakatwa, hema linafungwa, viti vinapakiwa kwenye lori, na mwananchi anaachiwa ile mashine na nyani wawili.

Kwa hiyo ndugu wajenzi, liacheni hema. Liacheni hapo hapo na viti vyake, waheshimiwa wenu warudi bila hivyo. Na anayetaka kujua kama kituo chake kiko tayari asimuulize fundi wa stima. Amchukue mama mkwe wake, amkalishe pale saa saba mchana kwa dakika arobaini, kisha amuulize yeye.